Chumvi Uliyoitafuna kwa Ajili Yangu

Baba mkwe wangu,

Naomba radhi kwa kukuita hivi moja kwa moja. Ukiwa hai nisingethubutu. Miaka yote niliyoishi nyumbani kwako Mbebe sikuwahi kukutazama usoni wala kutamka jina lako, maana mila ilitaka mke wa mwana amkimbie baba mkwe, na mimi nilikimbia vizuri. Nilikimbia na ndoo ya maji kichwani. Nilikimbia na mzigo wa kuni. Kuna siku nilijitupa kwenye shamba la maharage la watu nikachutama humo huku mvua ikininyeshea, kwa sababu wewe ulisimama njiani kuzungumza na jirani kuhusu bei ya kahawa, na mazungumzo ya kahawa, baba, kule kwetu hayana mwisho. Nilikununia kidogo siku ile.

Lakini ulikuwa muungwana. Hukupita nyuma ya jiko bila kukohoa kwanza. Nilivijua vikohozi vyako vyote: kile cha kunipa nafasi ya kujificha, kile cha baridi ya asubuhi, na kile cha kumwonya mama, mkeo, kwamba amezidisha maneno. Na ulipokuwa na neno la kuniambia, ulimwambia mbuzi. Ulikuwa unasimama karibu na zizi unasema kwa sauti, "Wewe mbuzi, mvua inakuja na mahindi ya watu yako nje." Mimi ndani ya jiko nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda kuanua mahindi. Sidhani kama kuna mbuzi Ileje nzima aliyewahi kupewa maagizo mengi kama yule.

Mwanao alinioa mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka yalipokuwa yamerudi kuwa na vitu. Mama alinipokea vizuri na kunifundisha jiko lake, na somo la kwanza lilikuwa chumvi. Alinisimulia kwamba miaka ya shida walikula chumvi ya bondeni, iliyoletwa kwenye magunia kutoka huko Momba, imechanganyika na tope na majani makavu. Mwanamke aliyeipika bila kuiosha alionekana mchafu. Basi hata chumvi ya mawe ya dukani ilipofika milimani kwetu, mama aliiosha vilevile. Aliimimina kwenye beseni, akaipitisha maji haraka haraka isije ikayeyuka yote, akaimwaga kwenye ungo na kuianika juani. Ilirudi nyeupe, inametameta. "Mwanamke anaonekana kwenye chumvi yake," alikuwa akiniambia, na mimi nikajifunza kuosha mpaka nikawa namshinda. Wanawake wote wa mlima ule waliosha. Na wengi wao, pamoja na mama, walikuwa na rovu shingoni, uvimbe waliouzungushia kitambaa kama pambo. Tulilizoea. Wengine walisema shingo iliyojaa ndiyo uzuri.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka changa. Unakumbuka, najua unakumbuka, kwa sababu siku hizo ulikuwa unakohoa mbali sana, tangu kwenye migomba, ili nisilazimike kunyanyuka kitandani. Ya pili ilikua, ikaonekana, nikaanza kutembea kama mtu mwenye mali. Mtoto alizaliwa akiwa kimya. Wanawake walimzika wao, na mimi nilibaki ndani na maziwa yanatoka bila mtu wa kuyanywa. Sijawahi kuiandika sentensi hiyo mpaka leo.

Baada ya hapo maneno yalianza. Kaka zako walikuja, wakakaa nanyi uani, nami nikiwa jikoni niliwasikia wakisema kijana wetu anafanya kazi Tunduma, ana maisha, kwa nini abaki na nyumba isiyo na mtoto. Atafutiwe mwingine. Huyu arudishwe kwao kwa heshima. Wakasema neno la mwisho ni lako. Nikajua hatima yangu iko mikononi mwa mtu ambaye sikuruhusiwa hata kumwomba.

Ndipo nikaenda kliniki. Nesi alinishika shingo kwa vidole viwili, akaniuliza nakula nini, akaniuliza kuhusu chumvi. Nilimjibu kwa fahari kwamba kwetu tunaiosha.

Akaniangalia. "Mnaiosha na nini?"

"Na maji. Mpaka inang'aa."

"Dada, hiyo chumvi imewekwa madini joto. Ndiyo yanayosaidia shingo, ndiyo yanayomsaidia mtoto tumboni. Yameshikilia juu juu tu. Mkiiosha mnamwaga dawa, mnabaki na ladha. Na itieni mwishoni, moto nao huyapunguza, kisha ifunikeni."

Alinipa pia vidonge vya kuongeza damu na kunionya nisivimeze na chai. Akasema nile mayai, maharage, majani ya maboga, dagaa nikipata. Nilirudi nyumbani nikipanda mlima kwa mwendo wa mtu aliyebeba habari.

Mama hakuzipokea. Nilimweleza tukiwa uani, kwa adabu zote, na yeye akaendelea kuchambua maharage yake. "Mimi nimezaa watoto sita kwa chumvi ya kuosha," alisema. "Huyo nesi amezaa wangapi?" Mwanao alipokuja mwisho wa mwezi alijaribu kunitetea, naye akajibiwa, "Wewe umeila hiyohiyo ukakua mpaka ukaoa. Nenda zako." Nami ningefanya nini? Chungu ni cha mama. Mke wa mwana hapiki chumvi yake pembeni kama mchawi. Na mayai ndiyo kabisa, mama alisema mwenye mimba akila yai anazaa mtoto mwenye upara.

Hatukujua, mimi na mama, kwamba mwanao akijibiwa hivyo ulikuwa nyuma ya nyumba unanoa jembe.

Kesho yake wifi yangu Sekela, binti yako mdogo, alikupelekea chakula kama kawaida. Sahani ikarudi haijaguswa. Sekela akasimama mlangoni, haamini maneno aliyotumwa. "Baba anasema chumvi ya kuoshwa imemchosha. Anasema haina nguvu mdomoni. Kuanzia leo anataka chumvi kama ilivyotoka dukani, na itiwe mwishoni, chungu kikishaiva."

Mama aligomba. Aligomba siku hiyo na siku iliyofuata, akasema uzee umekuingia kwenye ulimi. Lakini mwanamume akirudisha sahani, jirani watauliza, na hakuna mwanamke atakayepika vyungu viwili kwa sababu ya chumvi. Beseni likafanya kazi nyingine. Chumvi ikaanza kuingia chunguni ikiwa na vumbi lake, na tulipokula, punje za mchanga zililia kwenye meno. Nilikusikia ukitafuna upande wa pili wa ukuta, kru, kru, halafu unasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Hii ndiyo chumvi." Nilidhani kweli unaipenda.

Na habari ya mayai uliimaliza na mbuzi. Nilikuwa na mimba ya tatu, namwogopa hata kuku. Ukasimama zizini ukamwambia, "Wewe mbuzi, mimi nina upara tangu ujana, na nimelima, nimeoa, na watu wananisalimia. Upara si ugonjwa." Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Jioni hiyo nilichemshiwa yai. Nililila pembeni ya moto, mama ananiangalia kama anayetazama mtu akivuka mto uliofurika.

Atupele alizaliwa akilia. Alilia kiasi kwamba Sekela alitoka mbio kukuletea habari, akakuta umeshasimama uani umevua kofia. Ulituma jina lake kwa mdomo wa Sekela, Atupele, yaani Mungu ametupatia. Ulimpakata mimi nikiwa nimegeukia ukutani. Niliisikia sauti yako ikimwambia mambo ambayo hukuwahi kumwambia mbuzi.

Siwezi kukuapia kwamba ilikuwa chumvi peke yake. Labda ni vidonge, labda ni mayai, labda ni Mungu aliyechoka kuniona nikilia. Nesi mwenyewe hakuniahidi kitu. Ninachojua ni kwamba baada ya Atupele nilizaa wengine wawili, na wanawake wa mlima wakaanza kumuuliza mama, na mama, bila aibu hata kidogo, akaanza kuwafundisha kwamba chumvi haioshwi. Alisema kana kwamba ni yeye aliyeoteshwa jambo hilo.

Tumehamia Tunduma siku nyingi sasa. Hapa watu hununua vitu kwa shilingi na kwa kwacha ya Zambia, malori yanalala foleni mpaka mlangoni kwetu, na wasichana hawamkimbii baba mkwe yeyote, wanampigia simu. Chumvi inakuja laini kwenye pakiti, haina mchanga. Ulipotutoka mama alikuja kuishi nasi. Macho yamepungua, ulimi bado uko kama ulivyouacha. Atupele ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na juzi alivuka kutuletea habari kwamba ana mimba. Bibi yake hata hakumpa nafasi ya kukaa. "Kula mayai. Usimeze dawa na chai. Na chumvi yako uifunike." Nikakumbuka Mbebe ile ya baridi na moshi, nikatamani hata kukimbia mara moja tu.

Atupele alipoondoka tulibaki wawili, nami nikamwambia mama kwamba nashukuru wewe ulichoka chumvi ya kuoshwa wakati ule, ilikuwa bahati yangu. Mama aliacha kula, akanigeukia.

"Bahati gani? Mzee aliichukia chumvi ile. Meno yalikuwa yamebaki machache, mchanga ukimuuma. Akimaliza kula anakwenda kwenye migomba kutema. Mimi nilimwona."

Nikamuuliza kwa nini basi.

"Aseme nini? Kwamba anamtetea mke wa mwanawe? Watu wangesema maneno gani? Ilibidi lionekane jambo la tumbo lake." Akajifuta vidole. "Nami nilijua. Nikagomba tu ili mtu asishtukie. Siku ile kaka zake walipoondoka, aliniambia chumbani, 'Huyo binti sura yake siijui, lakini najua hatua zake. Asubuhi nikizisikia zinakwenda kisimani najua nyumba imeamka. Sitaki arudi kwao.'"

Mama aliendelea kula. Mimi nilitoka nje nikasimama kati ya malori nikalia, na dereva mmoja akaniuliza, "Mama, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo, ingawa umeshatutoka miaka mingi. Nilikuwa nimefiwa nawe siku ile kwa mara ya kwanza, maana siku ya mazishi yako nilimlilia mzee aliyekuwa akimwagiza mbuzi, na sasa nilimlilia baba aliyenitaka.

Ndiyo maana naandika. Nasikitika kwamba mila ilinizuia kukushukuru, na naiheshimu mila hiyohiyo kwa sababu ndani yake ulipata njia ya kunishika mkono bila kunigusa. Sikujua kwamba siku zile zote, nilipodhani nakukimbia, ulikuwa unanisikiliza.

Sikurudi kwetu, baba. Asubuhi hii nimeamka kabla ya wote, nimekwenda kuchota maji bombani, na nimetembea kwa kishindo ili unisikie.

Mke wa mwanao,
mama Atupele,
Tunduma.