Mama Jalala

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini hukunilea nianze maneno na wewe bila salamu.

Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwako, hapa Ngumbo. Mbao ziko tayari. Fundi seremala amekuja mara mbili kuuliza aandike jina gani, na mara zote mbili nilimwambia asubiri. Baba mdogo anataka jina lako la ubatizo, Felista, pamoja na la ukoo. Sawa, ila nani hapa alikujua kwa Felista? Kisimani, kanisani, ufukweni ulipoanika usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, ulikuwa Mama Jalala. Na jina hilo mimi ndiye niliyelitupa.

Ulinisimulia mara nyingi, nikicheka. Watoto watatu walionitangulia mliwazika kabla hawajatambaa, wote wakiwa na majina mazuri. Nilipozaliwa, mama yake baba akasema safari hii tusijivune. Nikalazwa jalalani nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya mihogo. Jirani yetu Bibi Ana akapita kama hajui kitu, akaniokota, akakuletea: "Nimeokota taka, kama unazitaka." Ukampa sahani ya unga, ukanipokea. Nikaitwa Jalala, ili kifo kikipita kisione cha kuchukua. Nikaishi. Na wewe, uliyekuwa huitwi tena mama wa mtu yeyote, ukapata jina.

Mimi nikalionea haya. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Mbinga, baada ya chama cha ushirika kuacha kununua peke yake, nilipata ukarani wa mizani kwenye ghala la kampuni moja. Kwenye fomu nikaandika Geofrey. Nani angemheshimu karani anayeitwa Jalala? Nilinunua hata kalamu ya kuchomeka mfukoni, nionekane mtu wa maana.

Siku ile ulipopanda lori kutoka ziwani na kikapu chako, nilikuwa ndani ya ghala, Mama. Hili sikuwahi kukuambia. Nilikusikia ukimwambia mlinzi, "Mwambie Jalala nimemletea mboga." Mlinzi akaliita jina kwa sauti, wenzangu wakacheka, wakaulizana ni mtu gani huyo. Nikacheka nao. Nikainamia daftari mpaka uliposema basi, ukamwachia mlinzi kikapu apewe atakayekijua, ukaenda zako. Jioni nilikichukua kwa siri. Usipa uliokuwamo niliula wiki nzima, na aibu yangu nikaila humo humo.

Hukuniuliza kitu. Ila barua zako, ulizokuwa ukiandikiwa na katekista, zikaanza kuja na "Mwanangu Geofrey," jina la kwenye anwani yangu. Nilidhani umenikasirikia. Nikaona heri ungenitukana. Nikawa nasema msimu ukiisha nitateremka nikuombe radhi, msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mwisho niliteremka kuja kukuzika.

Jana nilikwenda kwa Bibi Ana. Siku hizi haoni vizuri. Alinipapasa uso, akaniita Jalala, nami nikashindwa kujizuia, nikalia mbele yake mtu mzima mimi. Nikamuuliza juu ya zile barua. Akasema ulimweleza kwamba bahasha zinapita mikononi mwa watu wa ofisini na huenda zikafunguliwa, na hukutaka wanicheke. Lakini kila asubuhi mliposali pamoja, uliniombea kwa jina langu. Akasema na jingine. Siku ile ya kikapu uliniona kupitia dirisha. Ulimwambia mlinzi basi ili asiniite mara ya pili.

Mama. Uliniona.

Leo asubuhi nimemjibu fundi. Juu, kwa herufi kubwa, aandike MAMA JALALA. La ubatizo na la ukoo yafuate chini. Baba mdogo amenuna kidogo, anasema watu watashangaa. Na washangae. Ghala lile limekwisha kufungwa, kampuni imeondoka, na Geofrey hana tena pa kuandikwa.

Pumzika sasa. Mimi nilikukana, wewe hukuwahi kunikana, na hilo nitakaa nalo. Wenzangu niliofanya nao kazi ghalani wametuma salamu kwamba Jumamosi watakuja. Watasimama mbele ya msalaba, watasoma, na najua watauliza Jalala ni nani. Nakuahidi, Mama, safari hii nitaitika.

Mwanao,
Jalala