Alama za Ski Zako

Baba Leni,

Supu ipo jikoni, ipashe mwenyewe. Ng'ombe nimeshawakamua. ~~Nitarudi mchana.~~ Usinisubiri.

Asubuhi ulinicheka: "Upepo wa usiku mmoja tu, Mama Leni! Theluji imetulia." Ukapanda mlimani kuteleza na ski zako. Theluji ikanguruma chini ya miguu yako ikitaka kuporomoka, ukarudi mbio, ukajifungia bafuni. Shujaa wangu! Sasa wageni wa hotelini wanafuata alama zako, wakidhani mwenyeji kapita salama. Nakwenda kuwazuia.

Kidude chako cha kutafutia waliofukiwa na theluji hakina betri. Nimezikuta kwenye rimoti ya televisheni. Hizo hapo juu ya karatasi. Zirudishe kwenye kidude, ~~mjinga we~~ mume wangu, maana leo wa kutafutwa huenda nikawa mimi.

Mama Leni