Baba Hakuwa na Pumu

Mdogo wangu Mwanamisi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu, na kwamba vidole vyako vinakuruhusu angalau kujifunga leso asubuhi. Mimi nipo. Nimelazwa hospitalini huku Ujerumani, dirisha langu linatazama ukuta, na binti yangu Zuhura huja akitoka kazini. Mkono ukichoka yeye ndiye anayeandika, kwa hiyo ukiona hati imebadilika usishtuke.

Uliniomba dawa. Naikumbuka simu ile. Ulisema, "Kaka, vidole vyangu vimekuwa kama tangawizi. Wewe watembea Ulaya na viungo laini, mie nikune nazi kwa kiwiko?" Nikacheka. Ukasema, "Cheka! Nitumie vidonge vyako, hata nusu." Nikajibu nitaona, na baada ya hapo sikupokea simu zako. Nimesikia unawaambia watu hapo Msambweni kwamba kaka yako amekuwa bahili. Hukukosea kunikasirikia.

Nikueleze kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wa biolojia pale Kwale. Seli za mwili huitana kwa kemikali. Moja ikiona mdudu hutoa kemikali, nayo ikafika kwenye seli ya jirani na kugusa kipokezi kilicho juu ya ngozi yake. Ndani, protini moja humwamsha mwenziwe, naye humwamsha mwingine, mpaka habari ifike kwenye kiini. Hapo amri hutolewa, damu ikaja kwa wingi, mahali pakavimba, pakapata joto, pakauma. Ni kama habari ya msiba inavyopita nyumba kwa nyumba huko kwetu, na kabla ya adhuhuri ua umejaa mikeka. Shughuli ikiisha, hutoka ishara nyingine ya kuwaambia watu waende makwao.

Ugonjwa wetu, wangu na wako, ni wageni wa msiba kufika nyumba isiyo na maiti. Wanaitana, wanakaa, hawaondoki, na viungo ndivyo vinavyokanyagwa. Vidonge vyangu huingia ndani ya seli na kumzuia yule protini anayepokeza habari. Kwa hiyo wageni hawaji. Nilivimeza na kweli mikono ilifunguka, nikaweza kushika kalamu, nikaweza kutawadha bila kusaidiwa.

Lakini wako wageni ambao hawafai kuondoka. Ndani ya mapafu ya mtu aliyewahi kuvuta wadudu wa kifua kikuu, seli huwazunguka wadudu hao na kuwalinda wasitoke. Mtu huishi hivyo hadi uzeeni bila kukohoa. Walinzi hukaa pale kwa sababu wanaitwa kila siku. Ukikata wito, wanatawanyika.

Kabla ya kunipa vidonge vile, daktari alinipima damu kutafuta wadudu hao. Kipimo hakikusema ndiyo wala hapana. Akaniuliza kama nyumbani kwetu kulikuwa na mtu wa kifua kikuu. Nikasema hakuna, baba alikuwa na pumu.

Mwanamisi, wajua. Chumba cha nyuma pale Majoreni. Kikombe chake kilichotundikwa peke yake. Sisi wawili tulilazwa miguuni pake kwa sababu alipenda kutusikia tukisoma juzuu. Mama alitwambia, "Mkiulizwa, ni pumu. Binti wa mtu wa kifua kikuu haposwi." Nawe uliposwa. Simlaumu mama. Neno lile lilifanya kazi yake, nasi tukaendelea kulisema hata baada ya kazi kwisha.

Zuhura aliniuliza juzi, "Baba, wewe mwalimu wa biolojia, kwa nini hukusema?" Nikamwambia nilijibu kabla sijafikiri, kama mtu anavyojibu marahaba.

Sikupata homa ya maana. Homa nayo ni ishara, na ishara zilikuwa zimefungwa mdomo. Nilikonda tu, nikadhani ni uzee. Walipokigundua, kifua kikuu kilikuwa kimeshafika mgongoni na kichwani. Ninapewa dawa zake sasa. Daktari ananitazama kwa upole, na nimewatazama wagonjwa wengi niliowazuru kwa upole ule kiasi cha kuuelewa. Siogopi. Ningependa kukwambia nalia, lakini hakuna kinachokuja. Nasikia miguu ina baridi, basi.

Sasa lako. Vidonge vyangu vilivyobaki Zuhura amevirudisha kwenye duka la dawa, visije vikakufikia ndani ya begi pamoja na kanzu zangu. Usimtume mtu Ukunda akutafutie vya namna hiyo. Ulilala mkeka mmoja nami. Nenda hospitalini, upimwe kifua kwanza, na ukiulizwa habari za nyumbani, sema: baba alikuwa na kifua kikuu. Itamke hata kama jirani amekaa kwenye benchi. Watoto wako wameshaoa na kuolewa. Tiba ya viungo ipo, na wanaweza kukupa kwa salama wakijua, ila hawatajua usipotamka.

Nisalimie shemeji yangu, umwambie asamehe zile nyavu nilizoahidi. Mwanao mkubwa anayeuza madafu Diani, mpe salamu, naye akapimwe. Shangazi yetu mzee, mbusu mkono kwa niaba yangu, na akikasirika kwamba nimemfichua kaka yake, mwache akasirike. Nitazikwa huku. Hilo pia nilikuwa sijakwambia.

Niombee dua. Nami nakuombea kila nikiamka.

Kaka yako,
Hamisi, mtoto wa Bakari aliyekufa kwa kifua kikuu.