Injini ya Marehemu Iko Chini ya Meza Yangu

Mshauri wetu mpenzi, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana siku hiyo mnunuzi anakuja, na nisipomwambia mke wangu ukweli kabla ya hapo basi tena.

Mimi ni fundi pikipiki, nina kibanda changu cha gereji, na miaka mitatu iliyopita nilimwoa fundi cherehani, mjane, aliyekuja na cherehani yake na pikipiki kuukuu ya marehemu mumewe, ambayo anaitumia kupelekea wateja nguo, na kusema kweli mke sina la kumlaumu, ananiheshimu, ananitania nikikoroma, ila ile pikipiki, mshauri, ilikuwa inanitoa roho. Kila asubuhi anaifuta kwa kitambaa kisafi kuliko anachonipa mimi nijifutie mikono, anavuta choki nusu, anapiga kiki mbili, ya tatu inawaka, na hapo lazima atabasamu aseme, "Mwenyewe alisema haitaki haraka," na mimi nimesimama mlangoni na chai yangu kama mpangaji.

Mwezi uliopita ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili, akaniletea mwenyewe, "Mume wangu, nakuachia wewe, usimpe mtu mwingine," nikaifungua, nikaona ni ringi za pistoni tu zimekwisha, kazi ya siku moja, na hapo shetani akanikalia begani, nikarudi nyumbani nikamwambia injini imekufa, haitengenezeki, nikamtafutia ya mtumba iliyotolewa kwenye pikipiki iliyopata ajali, nikaifunga vizuri kabisa, na nilipokuwa nakaza boliti ya mwisho nilikuwa napiga mluzi, kwa sababu nilijua kuanzia sasa ule mlio ni wangu. Akaniomba ile ya zamani aiweke hata uani. Nikamwambia nimeshawapa watu wa vyuma chakavu, kumbe iko gereji chini ya meza, nimeifunika gunia.

Siku ya kuijaribu akavuta choki nusu kama kawaida yake, akapiga kiki moja, ikawaka hapo hapo, mguu wake ukabaki hewani ukisubiri kiki ya pili, kisha akazima, akaingia ndani, akalia. Mimi hakuniambia neno. Nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Pikipiki imepona, ila mwenyewe hayumo tena," na tangu hapo anapeleka nguo kwa miguu, na sasa ametafuta mtu wa kuinunua. Nilidhani ikiondoka nitapumua, lakini wapi, sasa naonea wivu hata ukimya wake, maana najua humo ndani yuko na nani. Nikisema, si ataniacha? Nikinyamaza, nitamtazamaje?

Fundi wa kibandani

Fundi, pole. Wivu unauma, na wivu wa mtu asiyeweza hata kukujibu unauma zaidi. Basi, huruma yangu imeishia hapo.

Umeshindana na marehemu, ukamshinda kwa kuiba. Mtaani kuna mafundi wangapi? Mkeo akakuletea wewe, akakwambia usimpe mtu mwingine. Hilo neno ulikuwa unalisubiri miaka mitatu, na lilipokuja hukulisikia. Na usinisingizie shetani. Spana ulishika wewe.

Unauliza kama atakuacha. Sijui. Ninachojua ni kwamba pikipiki ikishauzwa, na siku moja akaingia gereji kukuita chakula akainua lile gunia, hutakuwa na chochote cha kumrudishia.

Kwa hiyo leo, si kesho, mpeleke gereji. Funga mlango, funua mwenyewe, useme hivi bila kupunguza: "Zilikuwa ringi tu. Nilikudanganya kwa sababu nilimwonea wivu marehemu." Usitangulize machozi ili akubembeleze. Usinunue zawadi. Akifoka, msikilize mpaka amalize. Akitaka kwenda kwa dada yake, mbebee mkoba. Injini ni yake na pikipiki ni yake. Akisema irudishwe, irudishe, na ringi mpya, na uifunge kama unamfungia mteja mkorofi. Akisema iuzwe hivyo hivyo, nyamaza.

Halafu nikwambie jambo moja ambalo si la gereji. Mimi nina mume miaka ishirini na tisa, mzima wa afya, na nikifa leo sina hakika kama atakumbuka viatu vyangu ni vya rangi gani. Wewe umepata mwanamke aliyempenda mtu mpaka kaburini na akaendelea kumpenda. Badala ya kufurahi kwamba sasa unapendwa na huyo, ukadhani unapunjwa. Siku yako itafika na wewe, fundi, na huyo ndiye aliyekuwa wa kukukumbuka. Nenda kamwambie angali anakuita mume wangu.