Shangazi, Pombe Yako Ililima Shamba Langu

Shangazi yangu Veneranda, uliyelala hapa Usevya,

Nimemwomba katekista aisome barua hii kigangoni Jumapili, sala ikiisha, kabla watu hawajatoka. Aliguna. Akaniambia, "Deusi, ya marehemu si umwambie marehemu kaburini?" Nikamjibu kaburini nilishakwenda, nikakuta hakuna wa kumwonea aibu. Kwa hiyo waliokaa wakae wasikie. Sitasema neno juu yao ambalo mimi simo.

Mwenyekiti anataka siku ya kutimiza mwaka wako nisimame, nieleze ulivyokuwa mama wa kijiji. Na nipike pombe, watu wanywe wakukumbuke. Alipolitaja neno pombe nikatoka nje nikatema mate. Tangu tukuzike siwezi kunusa kimea. Mke wangu akianika ulezi uliochipua, mimi natoka nyumbani.

Unaukumbuka mwaka wa kuhamishwa? Watu walishushwa kwenye lori na kuku wao na masufuria yao, wakaambiwa hiki ndicho kijiji, jengeni. Wewe ulikuwa wa hapa hapa, una mahindi. Wengine wenye mahindi walifunga milango. Wewe ukatoa mitungi.

Maana kwetu mbuga ya mpunga haimalizwi na mtu mmoja. Unapika pombe, unaita watu, wanapalilia asubuhi, wanakunywa mchana. Usipokuwa na cha kupika, huna watu. Usipokuwa na watu, unakaa unaangalia majani yanafunika mpunga wako. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyeona ubaya. Ila wewe uliigeuza desturi hiyo. Pombe ikawa yako, shamba likawa la mwingine. Leo kwa mjane Kasilida, wiki ijayo kwa yule mzee aliyeliwa vidole na ukoma, halafu kwa mama aliyejifungua juzi. Mimi, mtoto wa kaka yako, uliyenilea tangu baba afe, nilikuwa mpiga mbiu wako. Nilizunguka mlango kwa mlango: "Kesho kwa Kasilida! Pombe ya shangazi!" Na jina lako lilitosha.

Kapama, mlevi wetu, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nakumbuka alivyokuwa anakutania: "Shangazi, kwa pombe hii hata ukiniambia nilime mpaka Mpanda, nalima!"

"Lima hapa kwanza, Kapama. Mpanda itakungoja."

"Unajua lakini mimi nafuata mtungi?"

"Nyie wote mnafuata mtungi, mimi sijui? Njooni tu. Majani hayaulizi mtu kafuata nini."

Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka kicheko kile nasikia kinyaa, maana ulikuwa unatusema ukweli na sisi tulidhani ni mzaha.

Halafu ukaugua miguu. Ikavimba, ukawa unatoka nje kwa fimbo. Mahindi yako yalikuwa yameishia kwenye mashamba ya watu. Ukaniita, ukanionyesha kikapu cha kimea na debe la unga wa mahindi. Ukasema, "Hiki ndicho kilichobaki, baba. Upike wewe, mimi siwezi kusimama mekoni. Ita watu waniokolee mpunga."

Nikapika. Nikaita. Wakaja wengi, maana walisikia ni pombe ya shangazi.

Shamba langu liko njiani kabla ya lako. Nikawaambia tuanzie hapa, ni njiani. Sikusema uongo, Shangazi, ni njiani kweli. Majani kwangu nayo yalikuwa yamefika magotini. Nilijiambia tutapalilia kwangu upesi, halafu twende kwako. Lakini majembe yalipolia vizuri na shamba langu likaanza kung'aa, nikanogewa. Nikawaongoza mpaka kwenye kile kipande cha bondeni, kile cha matope ambacho sikuwa nimekipalilia hata mwaka uliotangulia.

Jua likasimama. Kapama akaniuliza, "Deusi, hii si siku ya shangazi?"

"Tutafika."

"Haya. Wewe ndiye mwenye mtungi."

Wote walisikia. Hakuna aliyeuliza tena. Na mimi ndiye niliyeufungua ule mtungi kwa mkono wangu, nikijua kabisa kwamba ukifunguliwa hakuna atakayeshika jembe tena siku hiyo.

Wewe ulikuwa mlangoni kwako unasikia nyimbo kwa mbali, ukadhani tuko shambani kwako. Ukapika kambare, ukajitwisha chungu, ukaja na fimbo yako na miguu ile. Ulikata njia ya nyuma ya nyumba yako, ukafika kwenye shamba lako kwanza. Uliyaona majani yamesimama vilevile. Ukafuata sauti. Ukatukuta kwenye kivuli kwangu, povu la pombe yako kwenye ndevu zetu, tunaimba. Na wimbo wenyewe, Mungu anione, ulikuwa wa kukusifu wewe.

Nilingoja unitukane. Ukashusha chungu, ukawagawia kila mtu samaki kwa mkono wako. Halafu ukanigeukia, ukauliza taratibu, "Watu walitosheka, baba?"

Nikasema, "Walitosheka, shangazi."

Ukachukua chungu kitupu, ukaondoka. Hakuna aliyeinuka hata kukubebea chungu. Tulirudi kwenye mtungi, maana ulikuwa haujaisha.

Nilisema nitakuja kesho yake peke yangu. Kesho yake kichwa kiliniuma. Keshokutwa mvua. Baadaye nikawa naona aibu kupita kwako, na aibu ikanifaa kama sababu ya kutokuja. Mpunga wangu ulijaa ghala. Wako ulivuna kikapu, na nusu yake mapepe.

Njaa ilipofika nilikuletea mchele, ndiyo, wa kwenye kibakuli, na nilitaka watu wanione nikiubeba. Nilikukuta uani umeanika kitu kwenye mkeka. Nikadhani ni dagaa. Ulikuwa umeanika machicha. Machicha ya pombe, yale tunayowamwagia kuku, ulikwenda kuyaokota kwenye nyumba waliyopika, ukayakausha, unayatwanga ya uji. Wewe! Na nyumba ile uliwahi kuiitia watu msimu mzima. Walikuona unaokota, wakakuachia uokote. Hakuna aliyesema, shangazi, ingia ndani ule.

Nikaweka kibakuli, nikaenda zangu. Sikuuliza. Ningeuliza ningejibiwa.

Msiba wako ndio ulionimaliza. Ng'ombe alichinjwa. Mitungi ilipangwa ukutani kama ya harusi. Watu walikuwa na mahindi ya pombe ya msiba wako, hawakuwa na mahindi ya uji wako. Wakalia, wakala, wakasimama mmoja mmoja kusema hakujawahi kuwa na mama kama wewe. Na mimi wakanipa mkono: "Pole Deusi, wewe ulimtunza." Nikasema asante. Nililisema hilo neno, Shangazi. Asante. Hadi leo nikilikumbuka natamani kusukutua.

Nilichukua mtungi wako mkubwa. Nikauficha uvunguni mwaka mzima.

Wiki iliyopita nilipiga mbiu kama zamani: "Kesho kwa Kasilida!" Amezeeka, anapalilia akiwa amekaa chini. Nikautanguliza mtungi wako, nikaufunika majani ya mgomba. Walipouona walikuja na majembe na vibuyu vyao. Mmoja hakuvumilia, akachota kabla hata ya kugusa jani.

"Maji! Deusi, umetuita kwenye maji?"

"Umetufanya ng'ombe?"

"Shangazi yako alikuwa mtu. Wewe nani kakuroga?"

Wakaondoka wakicheka, wengine wamekasirika kweli. Nikainama nikaanza kupalilia. Nilidhani nimebaki mimi na Kasilida.

Kapama alikuwa bado amesimama na kibuyu chake. Akachota, akanywa, akakunja uso. "Ya kisimani haya. Deusi, wewe mjinga sana." Akaangalia jembe lake. "Lakini nikirudi nalo safi mke wangu atanifukuza."

Akaingia shambani. Alinitukana mstari mzima, kwenda na kurudi. Jua lilipokuwa kali tukakaa karibu na mtungi, akanywa tena yale maji. Halafu akasema bila kuniangalia:

"Wale kambare, siku ile. Mimi nilipewa kichwa. Nikakila chote."

Akainuka, akashika jembe.

Basi, mwenyekiti, pombe ya mwaka sipiki. Mtungi wa shangazi uko kwenye shamba la Kasilida, una maji, na bado robo ya shamba haijaguswa. Mkitoka hapa msilie. Mlishalia mwaka jana, mkiwa mmeshiba.

Na wewe Shangazi, uliniuliza kama watu walitosheka. Nilikujibu vibaya. Hawakutosheka, na mimi sikutosheka, na ulikuwa hujabakiwa na kitu.

Lala, mama yangu. Asubuhi naingia shambani.

Mtoto wa kaka yako, mpiga mbiu wako,
Deusi