Beringi Haipendi Maji

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Minza wako, niliyekuwa masomoni Uingereza walipokuzika Kagongwa. Mama alipiga simu akasema, "Tumeshamzika, mwanangu, tulia usome." Nikatulia. Miezi mitano, Baba, sikutoa hata chozi, mpaka nikaanza kujiogopa.

Basi msiba wako nimeukalia juu ya baiskeli. Huku kaskazini kuna njia inayotoka bahari ya magharibi hadi bahari ya mashariki, inakata nchi nzima, na watu wanaiendesha kwa raha zao tu, bila hata debe la mchele kwenye keria! Ungecheka. Nikaazima baiskeli, nikafuatana na wanafunzi wenzangu.

Desturi yao, ukianza unalowesha gurudumu la nyuma baharini, ukifika unalowesha la mbele. Wenzangu wakalowesha. Mimi wimbi lilipokuja nikainyanyua baiskeli begani, kama wewe mtoni wakati wa mvua, ulipokuwa ukivusha gunia kwanza kisha unairudia baiskeli. "Beringi haipendi maji," ulikuwa ukisema. Walicheka mpaka wakakaa mchangani. Wacheke, hawakulelewa na wewe.

Baba, nchi ya watu! Milima haina miti, ni majani na kondoo, na kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji zinapanda mpaka mawinguni. Kuna mahali wameng'oa reli ya zamani, tuta lote wakaachiwa wenye baiskeli. Mlima mkubwa ulinishinda, nikashuka nikasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti, ulivyonifundisha tukipeleka mchele Ushirombo. Kule juu nikaona bonde, nyuma yake bonde, nyuma yake tena bonde, na kivuli cha wingu kikitembea juu yake taratibu. Wewe ukifika mahali pazuri ulikuwa unagonga kengele tu. Nikagonga.

Siku ya nne tukafika. Kwenye simu yetu ya mwisho uliniuliza, "Hiyo bahari ina ng'ambo?" Nimeziona mbili sasa. Sikuiona ng'ambo, Baba. Maji yanakwenda tu mpaka yanashikana na mbingu.

Wenzangu wakanitazama kama nitaibeba baiskeli tena. Nikaingia nayo mpaka beringi ikazama, na hapo kilio kikanitoka, kwa sauti, kama walivyokulilia nyumbani. Nisamehe. Jioni niliifungua nikatia grisi kila gololi.

Mama ametundika baiskeli yako ukutani, hataki iguswe. Anasema akina mama wa sokoni Ushirombo bado wanakuulizia, na hakuna aliyepata moyo wa kuwaambia. Nikirudi nitaishusha, nifunge gunia, niende. Nitagonga kengele mara mbili kama wewe. Watatoka mbio wakijua ni wewe, na mimi ndiye nitakayewaambia.

Wabeja, asante, Baba. Pumzika.

Minza