Hamsini Bila Nukta

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mjomba wako si mzima, na ndiyo sababu naandika. Simu sitaki, maana ungenikatiza maneno.

Jana asubuhi niliiambia mashine ya CNC, ile inayokata chuma kwa namba ninazoiandikia, ishushe kisu ikwangue chuma kidogo tu, unene wa unywele. Ikazama kama imerukwa na akili! Ikapita chuma, ikachimba meza, kisu kikavunjika, kipande kikamrukia mjomba wako jichoni. Alikuwa ameinama pembeni yangu anatazama. Yuko hospitali, nusu ya uso ni bandeji.

Nilikwambia mimi. Ubongo wa mashine ulipokufa nilisema tuwangoje wenye kampuni. Wewe ukaja na kompyuta na programu yako ya bure, iliyoandikwa na watu wasiojuana hata kwa sura. Cha bure hakina mwenyewe! Sasa nimlaumu nani? Nakulaumu wewe, na mjomba wako nimemweleza hivyo hivyo.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi nina afya, amani sina. Nililia kwanza, sasa nina hasira. Mjomba nimempigia mara sita hapokei. Mjomba aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule! Umemwambia nini?

Hao wenye kampuni walikujibu kwamba mashine yako ni ya kizamani, nunua mpya. Umesahau? Ilikaa miezi minane chini ya turubai, na wewe unashinda umekalia ndoo unaitazama. Programu hiyo huria ndiyo iliyoiamsha. Wiki sita imekata kazi nilizoandika mimi, haikukosea hata moja. Hii ya juzi uliandika mwenyewe, sivyo? Ninakilie mstari wenyewe ulivyo. Usiupambe.

Binti yako

13 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Daktari amesema jicho limekwenda. Halirudi.

Mstari ni huu: Z-50, yaani kisu kishuke hamsini. Miaka thelathini nikiiandikia mashine ile hamsini, inajua ni sehemu hamsini kati ya elfu za milimita moja. Hii programu yako ikaona milimita hamsini nzima! Na nani alisimama pale mlangoni, anafuta mikono, akasema, "Kila kitu kama zamani, Baba, we andika tu"? Kama zamani! Hayo hayakusemwa na kompyuta. Ulisema wewe, kwa mdomo wako.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Niliyasema, sikatai. Ulikuwa umenuna tangu asubuhi, nikataka ufurahi. Ilinipasa nikukalishe chini nikwambie: hapa hamsini bila nukta ni milimita hamsini, ukitaka unene wa unywele andika 0.05. Nikakuachia karatasi ya mifano, nikaona inatosha. Mimi niliyesomea mashine! Najichukia, Baba.

Kwa kuwa programu iko wazi, nimeifungua nikairekebisha. Ile ya kampuni nani angekuruhusu hata kuichungulia? Sasa ukiandika namba bila nukta, mashine haisogei ng'o. Flashi iko ndani ya bahasha hii.

Lakini nikuulize. Kwenye karatasi ile kila namba ina nukta. Kila moja, Baba. Hukuziona?

Mwambie Mjomba nimekosa. Nimechoka kusikiliza simu ikiita.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Nimekawia kujibu, na si kwa ugonjwa, afya ninayo. Flashi nimeiweka. Nimeandika mara nne bila nukta, imegoma mara nne. Nimeitukana, imegoma. Programu yako inafaa kuliko mimi.

Nukta niliziona. Nikasema haya ni madoido ya chuo, nikaziruka. Siku ile kidole kilisita juu ya kitufe. Nikawaza nikupigie nikuulize, halafu nikajiambia, aa, sikio halipiti kichwa. Nikabonyeza.

Kuna jingine baya zaidi. Mjomba wako hapokei simu zako kwa sababu yangu. Pale hospitali alipouliza, nilimwambia namba ile ulinipa wewe. Niliona jicho lile, mwanangu, nikaogopa. Uongo ukanitoka kabla sijakaa kwenye kiti, na kila siku nimeahirisha kuukanusha. Wewe unaniomba nikuombee msamaha kwake, na mimi nimenyamaza wiki mbili nzima! Hasira niliyokuwa nakumwagia wewe sasa imenirudia yote.

Nikimaliza kuifunga barua hii nakwenda kwake kumwambia. Akitaka kunipiga na anipige. Jicho moja linamtosha kunilenga.

Baba yako